Kitambi, sukari na bakteria wa tumboni: somo linaloanzia kwenye sahani ya ugali

Mwezi wa Aprili 2025, jarida la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro, kwa majirani zetu wa Tanzania. Wanaume 77 wenye afya njema walishiriki. Baadhi yao walikuwa wanavijiji waliozoea nafaka zisizokobolewa, maharagwe, ndizi na mboga za majani. Kwa wiki mbili waligeuziwa sahani, wakala chakula cha mtindo wa kizungu: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wenzao wa mjini nao wakarudishwa kwenye chakula cha asili kwa muda huo huo.

Wiki mbili zilitosha. Damu ya waliohamia chakula cha viwandani ilionyesha dalili za mwili unaowaka ndani kwa ndani, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu zaidi zilipokutanishwa na vijidudu vya maradhi. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, dalili za kuwaka zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baada ya jaribio kwisha.

Habari hii inamhusu mkazi wa Kondele, Nyalenda, Ahero au Kombewa moja kwa moja, kwa sababu safari ile ya sahani, kutoka kijijini hadi mjini, imekuwa ikifanyika hapa kwetu bila mtafiti yeyote kuipanga. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya ana uzito uliozidi. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa taifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa watu wazima 94 kati ya 100 hawali matunda na mboga za kutosha. Uzito uliozidi hufungua mlango kwa ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Wageni walio tumboni

Ndani ya utumbo mpana wa kila mtu wanaishi bakteria wasiohesabika kwa urahisi. Idadi yao inakaribiana na ya chembe zote za mwili wenyewe. Wengi wao si maadui. Ni kama wapangaji: wanakaa, wanakula, na wakitunzwa vizuri wanalipa kodi.

Chakula chao ni nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya nafaka, maharagwe, mboga na matunda ambayo tumbo na utumbo mwembamba haviwezi kuisaga. Sukari, mafuta na unga mweupe humezwa mapema na mwili, hivyo ni kidogo sana kinachowafikia. Nyuzinyuzi hufika mzima mzima. Bakteria huzichachusha, kama uji unavyochachuka kwenye chungu, na kutoa asidi ambazo mwili unazihitaji. Mojawapo huitwa butireti, na ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizo pia huchochea homoni zinazoiambia akili kwamba mtu ameshiba na zinazosaidia insulini kupunguza sukari katika damu.

Bakteria wakikosa nyuzinyuzi, hawakai tu wakisubiri. Baadhi huanza kula ute unaoukinga ukuta wa utumbo. Ute ukipungua, mabaki ya bakteria hupenya hadi kwenye damu, na mwili hujibu kana kwamba umevamiwa. Hapo ndipo ule moto wa ndani unapoanza. Hauna homa wala maumivu, lakini ukidumu miaka, huifanya insulini ishindwe kazi yake, na sukari hubaki ikizunguka katika damu.

Ushahidi wa hili upo. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichukua bakteria wa mapacha, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, wakawapandikiza katika matumbo ya panya. Panya waliopewa bakteria wa pacha mnene waliongeza mafuta mwilini kuliko wale wengine. Mwaka 2015, Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipoanza kula maharagwe, mahindi na mboga, butireti iliongezeka zaidi ya mara mbili matumboni mwao. Kwa Waafrika Kusini waliopewa nyama nyingi na mafuta, ilipungua kwa nusu.

Hata hivyo, bakteria si sababu pekee ya unene. Kiasi cha chakula, kukaa kutwa nzima bila kutembea, usingizi mchache na urithi wa ukoo vyote vina nafasi yake. Kuhamisha bakteria kutoka kwa mtu mwembamba hadi kwa mnene hakujathibitika kuwa tiba ya unene kwa binadamu. Kinachoweza kubadilishwa leo ni kile wanacholishwa.

Kilichobadilika mezani

Zamani ugali wa Nyakach na Nyando ulikuwa wa mtama au wimbi. Leo ni wa mahindi, na mara nyingi wa unga mweupe wa pakiti. Tangu 2012 sheria inawataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini katika unga huo, na hilo ni jambo jema. Lakini ganda na kiini cha mahindi vikishatolewa, nyuzinyuzi nyingi huondoka navyo, wala hazirudishwi. Asubuhi uji umeachia nafasi chai ya sukari na mandazi. Mchana chipsi na soda. Soda ya nusu lita huwa na takriban gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai, na haina hata gramu moja ya nyuzinyuzi.

Samaki na omena wa ziwa letu ni chakula bora chenye protini na madini, ila navyo havina nyuzinyuzi. Ndiyo maana sahani ya wazee haikukosa alot pembeni: osuga, dek, apoth, boo au mitoo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Maseno, ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi zilizowahi kudharauliwa kuwa magugu au chakula cha maskini. Leo zimejaa katika soko la Kibuye.

Hatua za kuchukua nyumbani

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa hutoa karibu nusu ya nyuzinyuzi hizo. Familia inaweza kuanza hivi:

1. Kusaga mahindi bila kuyakoboa, au kuchanganya unga wake na wa mtama au wimbi. Mahindi yakaushwe vizuri kwanza, unyevu usizidi asilimia 13.5, na yenye kuvu yasiliwe kamwe, kwa sababu ya sumu ya aflatoksini.

2. Kupika nyoyo, maharagwe, ndengu au kunde mara kadhaa kwa wiki.

3. Kujaza mboga za kienyeji nusu ya sahani, na kubadilisha aina. Bakteria tofauti hupenda vyakula tofauti.

4. Kurudisha uji uliochachushwa na maziwa mala. Uji ukichemshwa bakteria wake hufa, lakini nyuzinyuzi za nafaka hubaki. Mala hubaki na bakteria hai. Maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa, ili kuepuka magonjwa kama brusela.

5. Kuweka maji mahali pa soda.

6. Kutonunua antibayotiki bila maagizo ya daktari. Dawa hizo huua bakteria wabaya na wazuri bila kubagua.

Mabadiliko yafanywe polepole, pamoja na kunywa maji ya kutosha. Mtu akiruka ghafla kutoka mkate mweupe hadi maharagwe kila siku, tumbo litajaa gesi naye atakata tamaa wiki ya kwanza. Anayetumia dawa za sukari au shinikizo asiziache kwa sababu amebadilisha chakula. Azungumze kwanza na mhudumu wa afya, kwa kuwa huenda kipimo cha dawa kikahitaji kurekebishwa.

Kujua hali yako

Kitambi bado husifiwa kuwa dalili ya mambo kunyooka. Utepe wa fundi nguo unaweza kusema mengine: kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume, au 80 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni onyo. Sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kula, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni ugonjwa wa kisukari. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi tangu Septemba 2023 hubeba mashine za kupima sukari na shinikizo la damu. Mkazi ambaye hajapimwa amwombe mhamasishaji wa kijiji au mtaa wake ampime anapopita, au afike katika zahanati iliyo karibu.