Mama Asiuze Mtamba

Shangazi, nilihitimu shahada ya uhasibu mwaka jana hapahapa Arusha, na tangu hapo niko nyumbani Akheri kwa mama. Nimesambaza bahasha za kaki kuanzia Mnara wa Saa hadi Njiro. Kila ofisi mlinzi anapokea na kusema watanipigia. Sasa kuna kaka tuliyefahamiana naye kwenye usaili, anasema ana mtu wake ndani; nikitoa laki nne, jina langu litapita serikalini. Mama yuko tayari kuuza mtamba. Baba mdogo anapinga, anasema bora nirudi chuoni nisome shahada ya uzamili, atachangia ada. Nimsikilize nani?
Binti wa Akheri

Mwanangu, mama asiuze mtamba. Kazi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na kuomba ni bure. Mchezo wa hao wenye mtu ndani naujua: wanakusanya laki nne nne kwa watu wengi, kisha hawafanyi lolote. Usaili ukifika, wawili watatu watapita kwa akili zao wenyewe, nao ndio watakaoonyeshwa kwa wateja wapya kama ushahidi. Waliobaki wataambiwa mtu wetu kahamishwa Dodoma.

Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uikague. Umeweka cheti chenyewe, au ile karatasi ya matokeo ya muda? Nakala zina mhuri wa wakili? Jina la cheti cha kidato cha nne linalingana na la NIDA? Rekebisha sasa, maana tangazo likitoka na siku zikianza kuhesabika utakuta foleni kila mahali.

Tuje kwenye bahasha. Hukuniambia ulizisambaza mwezi gani. Mji huu unaishi kwa majira ya wageni. Kuanzia Juni hadi Oktoba mwenye kampuni ya utalii hana muda wa kusoma barua ya mtu; gari limeharibika porini, mgeni kapoteza begi uwanja wa ndege wa KIA. Masika, Aprili na Mei, magari yako gereji na bosi yuko mezani anapanga msimu. Huo ndio wakati wa kumfuata. Isipokuwa mwezi Juni kuna maonesho ya utalii ya Karibu-KiliFair, ambako kampuni nyingi hukutana uwanja mmoja. Nenda uzungumze na watu uso kwa uso, usiende kuokota kalamu za bure.

Na uzungumze nini? Hapo ndipo wahitimu wetu wengi wanaponichosha. Barua inaomba "nafasi yoyote ile"! Anayeisoma ataiweka wapi? Fikiria kampuni ndogo yenye magari manne. Mwenyewe alianza kama mwongoza watalii. Anamjua simba kwa nyayo zake, lakini barua ya TRA ikifika anatokwa jasho. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi inatakiwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na aliyesajiliwa VAT anawasilisha ritani kufikia tarehe 20. Risiti za mafuta zimejaa kwenye droo ya gari. Mwambie hivi: "Bosi, nipe risiti za mwezi mmoja tu, nitakupangia hesabu uone unapoteza wapi." Sentensi hiyo italeta majibu ambayo bahasha zako hazijaleta.

Tena usione utalii peke yake. Kila siku unapokwenda mjini unapita SACCOS, shule binafsi na maduka ya pembejeo ya Tengeru, na upande wa Usa River kuna mashamba ya maua. Kote huko kuna vitabu vya hesabu vinavyomsumbua mtu.

Wakikwambia uanze kwa kujitolea, kubali, lakini kwa masharti: nauli na chakula cha mchana watoe wao, muda usizidi miezi mitatu, na mwishoni upate barua inayoeleza ulichofanya. Yote yaandikwe. Nimeona vijana wanajitolea mwaka mzima huku bosi anabadilisha gari.

Sitakudanganya kwamba konekshen haina nafasi. Inayo, tena kubwa. Ila konekshen yenye maana ni ya mtu aliyekuona ukifanya kazi. Mafunzo kwa vitendo ulifanyia wapi? Barua yako yote haikutaja. Yule aliyekusimamia, umewahi hata kumsalimia tangu uondoke? Mpigie wiki hii. Usimwombe kazi, muulize nani anatafuta mhasibu, na kama atakubali awe mdhamini kwenye wasifu wako.

Kuhusu baba mdogo, ana nia njema, lakini uzamili bila uzoefu utakurudisha mtaani na cheti cha pili na swali lilelile. Kama kusoma, soma CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu. Waajiri wa fani yako wanaiulizia, na unaweza kuisoma huku unafanya kazi. Mitihani yake hufanyika Mei na Novemba. Kaa na baba mdogo kwa heshima, umuulize kama ile ada aliyoahidi inaweza kulipia usajili wako wa mtihani ujao.