Cheti cha Ukutani na Leseni ya Mwaka Huu: Namna ya Kumjua Anayekutibu Macho

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya macho ukisubiri jina lako liitwe, mara nyingi ukutani mbele yako pana fremu mbili tatu. Kuna cheti chenye muhuri mwekundu, picha ya mahafali, na pengine karatasi yenye nembo ya serikali. Wagonjwa wengi huona muhuri wakaridhika. Leo tuzisome pamoja hizo fremu, maana moja inakwambia mtu huyu alisoma nini zamani, na nyingine inakwambia kama ana ruhusa ya kuligusa jicho lako leo. Ukiikosa hiyo ya pili ukutani, una haki ya kuiulizia.

Swali la kwanza ni hili: daktari wa macho ni nani hasa? Mtaani jina hilo hupewa kila mwenye koti jeupe na tochi ndogo, kumbe wanaohudumia macho ni wa kada kadhaa na kila mmoja ana mpaka wa kazi yake.

Daktari bingwa wa macho ni mtu aliyesoma kwanza udaktari wa kawaida, ambao kwa Tanzania ni miaka mitano chuoni na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Baadaye akarudi shule miaka mitatu au minne akisomea macho peke yake, kwa mfano Muhimbili, KCMC ya Moshi, Chuo Kikuu cha Nairobi au Makerere. Huyu ndiye wa kumwendea kwa presha ya macho, ugonjwa unaoua mshipa wa kuonea kimyakimya, na kwa matatizo ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ndiye pia wa operesheni ngumu.

Chini yake, na mara nyingi karibu zaidi na kwako, yuko daktari msaidizi aliyesomea macho. Kenya huitwa afisa wa kliniki wa macho. Baadhi yao wamefundishwa mahsusi kufanya operesheni ya mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoziba lenzi ya jicho. Usiwadharau hata kidogo. Katika wilaya ambazo bingwa hafiki mwaka mzima, watu hawa ndio waliowarudishia wazee wengi uwezo wa kuona. Yupo pia mtaalamu wa optometria, anayepima uwezo wako wa kuona, kukupa namba ya miwani na kukuandikia barua ya rufaa akiona dalili ya ugonjwa. Kuna muuguzi wa macho. Mwishoni yuko fundi au muuza miwani, ambaye kazi yake ni kukata lenzi na kuiweka kwenye fremu kulingana na karatasi uliyompelekea.

Mpaka huo ukivunjwa, anayeumia ni mgonjwa. Shangazi yangu aliwashwa na macho, akaingia duka moja la miwani. Aliyemwita "daktari" akampa matone. Wekundu uliisha siku ile ile, naye akafurahi akaendelea kuyanunua kwa miezi. Matone yale yalikuwa na steroidi, dawa inayotuliza uvimbe haraka lakini ikitumiwa muda mrefu bila kusimamiwa inaweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa kuonea. Alipofika kwa bingwa, sehemu ya uoni wake wa pembeni ilikuwa imeshapotea, na uoni wa namna hiyo ukipotea haurudi. Ndiyo sababu naandika haya kwa msisitizo: usiweke jichoni tone la steroidi ambalo hujaandikiwa na mtu mwenye leseni, na usitumie chupa ya jirani.

Je, herufi zinazofuata jina kwenye kibao cha mlangoni zina maana gani? MD au MBChB ni shahada ya kwanza ya udaktari. Mwenye hiyo peke yake ni daktari kamili, lakini si bingwa wa macho. MMed ikitajwa pamoja na macho ndiyo shahada ya ubingwa. Siku hizi utaona pia FCOECSA. COECSA ni Chuo cha Madaktari wa Macho cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoundwa mwaka 2012 na chenye makao makuu Nairobi. Chuo hiki hakina majengo ya mihadhara kama chuo kikuu. Kinawaunganisha mabingwa wa nchi nyingi za ukanda huu na kuwatahini kwa mtihani mmoja. Faida yake kwako ni kwamba aliyeufaulu amepimwa kwa kipimo kile kile, awe amesomea Malawi, Uganda au Tanzania.

Wenzetu wa Marekani walianza mapema. Bodi yao ya kuthibitisha mabingwa wa macho iliundwa mwaka 1916, ikiwa bodi ya kwanza ya ubingwa wa aina yoyote nchini humo. Kwa miaka mingi aliyefaulu mtihani wake alibaki na cheti hadi kufa. Kuanzia mwaka 1992 vyeti vipya vikawekewa ukomo wa miaka 10, na anayetaka kubaki bingwa aliyethibitishwa hana budi kuonyesha kwamba bado anajifunza. Waliona kwamba mtihani wa ujanani hautoshi kumdhamini mtu maisha yake yote, nami naona walifanya sawa.

Kwetu kazi hiyo hufanywa na leseni. Cheti cha chuo hakiishi muda, lakini leseni ya kutoa huduma ina tarehe ya mwisho na lazima ihuishwe. Tanzania Bara hutolewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, linalojulikana kwa herufi MCT, ambalo sheria ya mwaka 2017 imelipa pia kada za madaktari wasaidizi. Zanzibar ina Baraza lake la Madaktari. Wataalamu wa optometria wako chini ya Baraza la Optometria, na wauguzi chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya, madaktari wako chini ya baraza la KMPDC na maafisa wa kliniki wana baraza lao.

Namna ya kuhakiki ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Omba mapokezi jina kamili la mtaalamu kama lilivyo kwenye usajili, na namba ya usajili ukiweza. "Dokta Juma" haitoshi. Ingia kwa simu yako kwenye tovuti ya baraza, mct.go.tz kwa Tanzania Bara au kmpdc.go.ke kwa Kenya, utafute sehemu ya rejesta ya wataalamu, uandike jina. Gharama yake ni bando tu. Likitokea, tazama mambo matatu: kada yake, kama amesajiliwa kuwa bingwa na wa nini, na kama leseni bado ni hai. Usipoliona jina, usikimbilie kusema ni tapeli. Huenda majina yamepangwa tofauti au herufi moja imekosewa. Badilisha mpangilio ujaribu tena, kisha piga simu barazani uulize. Kama huna simu ya intaneti, mwombe kijana wa nyumbani akusaidie. Ni kazi ya dakika chache.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui kabisa: ili leseni ihuishwe, mtaalamu hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kusoma. Haya huitwa mafunzo endelevu ya kitaaluma, na hupimwa kwa pointi. Kenya daktari hutakiwa kukusanya pointi 50 kwa mwaka. Huzipata kwa kuhudhuria makongamano na semina, kufundisha, kuandika utafiti, au kusoma kozi mtandaoni na kujibu maswali.

Kwa nini mtu aliyesoma miaka kumi aendelee kusumbuliwa? Wenye umri mkubwa watawakumbuka wazee waliotoka kwenye operesheni ya mtoto wa jicho wakiwa na miwani minene kama kitako cha chupa. Lenzi yao yenye ukungu ilitolewa na hakuna kilichowekwa mahali pake, hivyo miwani ile ikawa ndiyo lenzi yao. Ikivunjika, mzee amerudi gizani. Lakini lenzi ya kupandikiza ndani ya jicho ilikuwa imeshawekwa kwa mara ya kwanza London tarehe 29 Novemba 1949 na daktari Harold Ridley. Ilipita miongo kadhaa kabla maarifa hayo hayajafika hospitali za kawaida, kwa sababu yalihitaji lenzi za bei nafuu, darubini za upasuaji, na zaidi ya yote madaktari waliokubali kujifunza upya kwa mikono yao. Daktari aliyehitimu enzi za miwani minene na asisome tena, angekuwa bado anawarudisha wagonjwa nyumbani na vitako vya chupa.

Mfano wa karibu zaidi umetoka Moshi. Watafiti wa KCMC na wenzao waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 201 wa presha ya macho. Kundi moja likapewa matone ya timololi ya kila siku, jingine likatibiwa kwa mwanga wa leza, kazi inayofanyika kliniki bila kisu. Baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale ya matone. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Hebu fikiria maana yake kwa mkulima wa Same anayetakiwa kununua chupa ya matone kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Daktari aliyeusoma utafiti huu atamweleza kwamba njia ya leza ipo, na kama hospitali yake haina mashine atamwambia iko wapi. Kwa hiyo ukiwa na presha ya macho, uliza: "Daktari, jicho langu linafaa kutibiwa kwa leza?" Si kila jicho linafaa, lakini swali hilo linastahili jibu.

Nina neno moja kuhusu pointi. Pointi huhesabu saa alizokaa mtu kwenye ukumbi, wala hazipimi utulivu wa mkono wake. Upasuaji hufundishwa kwa kurudiarudia, siku hizi kwanza kwenye macho ya bandia, kisha chini ya jicho la mwalimu. Kwa hiyo kabla ya operesheni usiishie kwenye leseni. Uliza kwa adabu, bila kumhoji mtu kama mahakamani: "Samahani daktari, naomba kufahamu. Operesheni hii huwa unaifanya mara nyingi? Ni wewe utakayeifanya, au mwanafunzi ukiwa umesimama naye? Lenzi itakayowekwa ni ya namna gani? Nikipata maumivu usiku, nimpigie nani?" Mtaalamu makini hakasiriki. Akikujibu kwa ukali kwamba hayo hayakuhusu, una ruhusa ya kutafuta maoni ya mtu wa pili.

Na kama wewe unayesoma ni muuguzi au tabibu kwenye kituo cha mbali, usidhani elimu hii ni ya walio karibu na kumbi za mijini. Jarida la Community Eye Health, linalotolewa London tangu mwaka 1988 kwa ajili ya wahudumu wa mazingira kama yetu, husomwa bure mtandaoni. Shirika la Orbis nalo lina tovuti ya Cybersight, yenye kozi za bure na nafasi ya kumuuliza bingwa kuhusu mgonjwa uliye naye. Kabla hujaanza kozi, uliza barazani kwako kama pointi zake zinatambuliwa.

Kambi za macho zina maswali yake. Mara nyingi huduma ni bure au kwa bei ndogo, na wengi wameona tena kwa sababu yake, kwa hiyo nenda. Wataalamu wageni nao hutakiwa kupata kibali cha muda cha baraza kabla ya kutibu, na mwandaaji anapaswa kukijua. Muhimu zaidi, uliza nani atakutazama kesho yake, na nani baada ya wiki chache, timu ikishaondoka. Kambi iliyoandaliwa vizuri huwa imekwisha kupanga na hospitali ya wilaya.

Kuhusu fedha, bei hutofautiana sana kati ya hospitali ya serikali, ya dini na ya binafsi, hivyo usiulize "operesheni ni shilingi ngapi" ukaishia hapo. Omba mchanganuo: kumwona daktari, vipimo, lenzi, operesheni yenyewe, matone ya baadaye, na mahudhurio ya kurudi. Kama una kadi ya bima ya afya ya NHIF, au SHA kwa Kenya, uliza ni vipi kati ya hivyo inalipia na kama unahitaji barua ya rufaa kwanza. Hospitali nyingi za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii inayosikiliza wasio na uwezo. Iulizie kabla hujaghairi matibabu.

Mambo yakiharibika, anzia kwa mganga mkuu au ofisi ya malalamiko ya hospitali hiyo. Usiporidhika, liandikie baraza linalomsimamia mtaalamu huyo. Eleza kwa utaratibu: ulikwenda lini, ulionwa na nani, ulifanyiwa nini, jicho lilikuwaje kabla na likawaje baadaye. Ambatisha nakala za kadi ya kliniki, risiti na karatasi za vipimo, na zile halisi ubaki nazo nyumbani. Chupa ya dawa uliyopewa usiitupe hata ikiisha, kwa sababu lebo yake ndiyo itakayoonyesha uliwekewa nini jichoni.