Somo: Maji ya Kupozea Injini ya Mtambo wa Kahawa

Injini ya mashua huvuta maji ya kupozea kutoka ziwani. Injini ya dizeli ya kumenyea kahawa huko Mbozi hutegemea pipa. Ile isiyo na pampu huendeshwa na joto lenyewe: maji ya moto hupanda kwa bomba la juu, yaliyopoa huteremka kwa bomba la chini. Basi maji yakipungua hata mdomo wa bomba la juu ukawa wazi, mzunguko hukatika, ijapokuwa pipa lina maji bado. Hilo liangaliwe kwanza.

Pili, mwendesha mtambo ayaguse mabomba kwa uangalifu. Injini ikichemka ilhali bomba la juu ni baridi, njia imeziba kwa tope, kutu au mpira uliobonyea. Maji yaliyooshea kahawa yasitiwe pipani kamwe. Utelezi wake huganda.

Katika mwinuko wa mita 1,600 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Injini iliyochemka izimwe, ipoe yenyewe. Maji baridi ya ghafla hupasua kichwa cha silinda. Kahawa ya siku hiyo isingoje fundi: imenywe kwa mashine ya mkono, kwani ikilala na maganda huchacha, na daraja likishuka anayepunjika ni mkulima.