BUNDI WA FEZA

Hapo kale, katika nchi ya Ugiriki, palikuwa na mji mkubwa karibu na bahari, jina lake Athene. Udongo wa nchi ile haukutosha kulisha watu wote, basi vyombo vilileta ngano toka mbali. Lakini mahali paitwapo Laurion, ardhini mlikuwa na feza. Watumwa wengi waliichimba kwa taabu kubwa, katika mashimo membamba, wakiangaziwa na taa ndogo za mafuta.

Watu wa Athene walifanya sarafu kwa feza ile. Fundi alipima kipande, akakiweka kati ya vyuma viwili vilivyochorwa, akapiga kwa nyundo. Upande mmoja ulionekana uso wa Athena, mungu wao wa kike. Upande wa pili, bundi. Kwao bundi hakuwa ndege wa mkosi, alikuwa ndege wa Athena. Sarafu ile ilikuwa na uzito wa gramu 17 hivi, nayo ilihesabiwa drakma 4. Fundi wa kujenga aliweza kupata drakma 1 kwa kazi ya siku nzima. Hata katika Misri watu waliipokea, kwa kuwa feza yake ilikuwa safi.

Lakini penye kitu chema wadanganyifu hawakosekani. Wengine walichukua shaba, wakaifunika kwa feza nyembamba, wakatia bundi juu yake. Kwa macho sarafu zilifanana. Aliyepokea ile ya uwongo alipoteza kazi ya siku nne. Na muuzaji mwenye shaka aliweza kukataa hata sarafu nzuri. Soko litaendeleaje hivyo?

Mwaka 375 kabla ya Kristu, watu wa Athene walitunga sheria, wakaiandika juu ya jiwe. Mjaribu wa feza aliwekwa sokoni, kati ya meza za wabadili feza. Yeye mwenyewe alikuwa mtumwa wa mji. Akiona shaba au risasi ndani ya sarafu, aliikata papo hapo. Feza ikiwa safi, muuzaji hakuwa na ruhusa kuikataa. Akikataa, alinyang'anywa vitu vyote alivyouza siku ile. Na mjaribu asipokaa mahali pake, au asipofuata sheria, alipigwa mijeledi 50.

Basi katika soko lile tajiri alingoja neno la mtumwa. Jiwe la sheria lilifukuliwa Athene mwaka 1970, na maandishi yake yanasomeka.

Bundi wa nje alikuwa yule yule. Mjaribu alitafuta kilichokuwa ndani.

Maulizo
1. Nani walichimba feza ya Laurion?
2. Wadanganyifu walifanyaje sarafu ya uwongo?
3. Kwa nini muuzaji alikatazwa kukataa feza safi?
4. Mjaribu alikuwa mtu gani? Kazi yake ilisaidia nani?