VIJIDUDU VYA TUMBONI MWA NG'OMBE NA KONDOO, NA JINSI MFUGAJI AWEZAVYO KUVIZUIA

Kati ya hasara zimpatazo mfugaji mdogo, ni chache ziumizazo moyo kama kifo cha ndama aliyezaliwa juzi. Mwenye ng'ombe amengoja miezi 9. Amemtafutia mama majani na maji. Usiku wa kuzaa amekesha. Kisha siku ya tatu ndama aanza kuhara, siku ya nne hawezi kusimama, na siku ya tano achimbiwa shimo. Watu husema ni bahati mbaya, na wengine humtazama jirani kwa mashaka. Somo hili lataka kuonyesha ya kuwa mara nyingi si bahati wala si jirani. Ni kazi ya vijidudu vikaavyo matumboni, na njia za kuvizuia zimo mikononi mwa mfugaji mwenyewe.

1. VIJIDUDU HIVI NI NINI

Katika tumbo la kila ng'ombe na kila kondoo mna vijidudu vingi mno, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Vilivyo vingi ni rafiki. Ng'ombe hawezi kuyeyusha majani makavu kwa nguvu zake peke yake. Vijidudu vya tumbo lake kubwa ndivyo vimvunjiavyo majani hayo, naye apata nguvu, nyama na maziwa.

Lakini kati ya rafiki hao wamo adui wachache. Mwaka 1885 daktari Mjerumani, Theodor Escherich, alieleza kijidudu alichokiona katika choo cha watoto wachanga, nacho baadaye kikapewa jina lake. Sisi tutakiita koli. Aina nyingi za koli hukaa tumboni bila kudhuru mtu wala mnyama. Aina chache zina sumu, na hizo ndizo ziuazo.

Jambo kubwa la kulielewa ni hili: adui hawa hawaji siku zote kutoka mbali. Mara nyingi wamo tayari ndani ya mnyama mwenye afya, anayekula vizuri na kung'aa manyoya. Hungoja nafasi tu. Nafasi hiyo hupatikana kwa njia tatu: saa iliyopotea, chakula kilichobadilishwa ghafula, na mavi yaliyofika kinywani. Tutazitazama moja moja.

2. SAA ILIYOPOTEA: NDAMA NA DANG'A

Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga kutoka katika damu ya mamaye akiwa bado tumboni. Ndama hapati. Ndama huzaliwa hana silaha, na silaha zake zote za kwanza zimo katika dang'a, yaani maziwa yale mazito ya manjano ya siku ya kwanza.

Jambo hili lilithibitishwa huko Princeton, Marekani, na wataalamu Theobald Smith na Ralph Little, walioandika habari zake mwaka 1922. Waliwanyima dang'a ndama wengine na kuwapa wengine. Wengi wa walionyimwa walikufa katika siku chache, na vijidudu vya koli vilikutwa vimeingia hata katika viungo vyao vya ndani. Waliopewa walinusurika. Vijidudu vilikuwa vile vile na banda lile lile. Tofauti ilikuwa dang'a.

Tena dang'a lina saa yake. Ndama anapozaliwa, ukuta wa utumbo wake huwa kama mlango ulio wazi, nazo kinga hupita nzima nzima mpaka katika damu. Mlango huo huanza kufungwa katika saa chache za kwanza, na saa 24 zikiisha umekwisha kufungwa. Dang'a la siku ya pili ni chakula chema, lakini haliwezi tena kuingiza kinga katika damu.

Kwa hiyo yapasa ndama apate dang'a kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wake ndani ya saa 12 za kwanza. Ndama wa kilo 20 apewe lita 2. Ndama wa kilo 30 apewe lita 3. Sehemu kubwa ya kiasi hicho aipate katika saa mbili tatu za mwanzo. Asiposimama kunyonya mwenyewe, mkamue mama, umnyweshe ndama kwa chupa safi. Wapo watu wamwagao dang'a kwa kuwa ni zito, wakidhani ni chafu; wapo na walipikao wakalila wao. Kabla ya kumwaga tone moja au kupika kikombe kimoja, hakikisha ndama ameshiba.

Aina ya koli iharishayo ndama hushambulia hasa katika siku nne tano za kwanza. Hujishika na ukuta wa utumbo mwembamba kama kupe ajishikavyo ngozini, kisha hutoa sumu inayoufanya utumbo kumwaga maji na chumvi za mwili. Ndama hafi kwa kidonda. Hufa kwa kukauka.

3. NDAMA AKIANZA KUHARA

Finya ngozi ya shingo, kisha uiachilie. Ikirudi mara moja, maji yamo mwilini. Ikibaki imesimama kwa zaidi ya kuhesabu mbili, maji yamepungua. Tazama pia macho: yakiwa yameingia ndani, na kinywa kikiwa baridi, hatari i karibu, na mganga wa mifugo aitwe upesi.

Kazi ya kwanza ni kurudisha maji na chumvi. Mganga akiwa na unga wa dawa ya maji kwa ajili ya ndama, huo ndio bora. Usipopatikana, chemsha lita 1 ya maji, uyaache yawe vuguvugu, utie chumvi nusu ya kijiko cha chai na unga wa glukosi vijiko 6 vya chai, vilivyosawazishwa juu. Mpe ndama lita 1 au 2 kila mara, mara tatu kwa siku. Usitumie sukari ya kawaida itiwayo katika chai, maana tumbo la ndama haliwezi kuivunja, nayo huongeza kuhara.

Usimnyime maziwa. Mpe maziwa kidogo kidogo kwa nyakati zake, na maji ya dawa kwa nyakati nyingine. Wala usimmiminie kinywani ndama asiyeweza kunyonya au kumeza, maana maji yataingia mapafuni. Ndama wa namna hiyo ni wa kutiwa maji mshipani na mganga. Mtenge na wenzake, na umhudumie baada ya kuwahudumia walio wazima, si kabla.

4. CHAKULA KILICHOBADILISHWA GHAFULA: KONDOO

Kwa kondoo mauti hupenda kuchagua walio bora. Jioni mwana-kondoo mnono kuliko wote arukaruka. Asubuhi akutwa amekufa, pengine na majani kinywani. Mwenye kundi hufikiri nyoka au sumu.

Katika Australia ya Magharibi mtaalamu H. W. Bennetts alieleza ugonjwa huu mwaka 1932, akaonyesha ya kuwa chanzo chake ni kijidudu cha ukoo wa klostridia, kikaacho tumboni mwa kondoo wazima. Katika siku za kawaida huwa ni vichache, na sumu yao ni kidogo. Lakini kondoo akila ghafula nafaka nyingi, au akifunguliwa penye majani mateke mengi, au mwana-kondoo akinyonya maziwa mengi kupita kiasi, chakula kisichoyeyushwa hufurika mpaka katika utumbo mwembamba. Hapo vijidudu hupata karamu, huzaana kwa wingi, na sumu yao huingia katika damu na kuharibu mishipa, ubongo na figo. Baada ya kifo figo huweza kukutwa laini kama uji. Ndiyo sababu afaye ni mlafi mwenye nguvu, wala si yule mnyonge aliyesukumwa pembeni.

Kinga yake ni saburi. Ukitaka kuwapa kondoo nafaka, anza na konzi ndogo, uongeze kidogo kidogo kwa siku 10 mpaka 14. Ukitaka kuwafungulia katika shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, okota kwanza masuke yaliyoanguka, uwalishe majani makavu kabla ya kutoka, na siku za kwanza wakae humo kwa muda mfupi tu. Iko pia chanjo. Kondoo asiyechanjwa kamwe hupata sindano mbili, ya pili baada ya wiki 4 mpaka 6, kisha moja kila mwaka. Kondoo jike mwenye mimba, aliyekwisha kupata zile mbili za kwanza, achanjwe tena kadiri ya mwezi mmoja kabla ya kuzaa, ili dang'a lake limkinge mtoto.

Hapa pana onyo. Mnyama aliyekufa ghafula usimpasue wala usimle. Huenda ikawa ni kimeta, ambacho huua watu pia, hasa damu ikionekana puani au mkunduni. Mwite mganga wa mifugo, naye atajua la kufanya.

5. MAVI YALIYOFIKA KINYWANI: WATU WA NYUMBANI

Sasa twafika kwenye jambo linalomgusa mfugaji ndani ya nyumba yake. Mwaka 1982 huko Marekani, katika majimbo ya Oregon na Michigan, watu walishikwa na kuhara damu baada ya kula nyama ya kusaga isiyoiva. Ilionekana kuwa chanzo ni aina ya koli iliyopewa alama O157. Aina hii haimdhuru ng'ombe mkubwa, maana mishipa ya utumbo wake haina mahali pa kuishika sumu hiyo. Lakini kwa binadamu, hasa mtoto mdogo, sumu huweza kuharibu figo na kuua. Kondoo nao huichukua bila kuugua. Mwaka 2003 wataalamu wa Scotland walionyesha ya kuwa kijidudu hiki hupenda kukaa mwisho kabisa wa utumbo wa ng'ombe, karibu na mkundu. Basi mavi yatokapo hupakwa vijidudu hivyo.

Nyama nzima ikichafuliwa, uchafu hukaa juu yake, na moto huuchoma. Nyama ya kusaga huchanganya uchafu wa juu mpaka ndani. Kwa hiyo ipikwe mpaka wekundu wote uishe. Maziwa nayo huchafuliwa na mavi yaliyoganda katika kiwele au mikononi mwa mkamuaji. Osha mikono na kiwele, kausha, kisha kamua. Na maziwa ya kunywa yachemshwe. Kuyachuja kwa kitambaa huondoa nywele, hakuondoi vijidudu.

Maji ni njia nyingine. Mwezi wa Mei mwaka 2000, katika mji wa Walkerton, jimbo la Ontario, nchini Kanada, mvua kubwa ilisukuma vijidudu vya mavi ya ng'ombe mpaka katika kisima cha mji kisicho na kina, na maji yake hayakutiwa dawa ya kutosha. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 wakafa. Ikiwa mji wenye mabomba na watumishi wa maji ulipatwa hivyo, je, kisima chetu kilicho chini ya zizi? Kisima kiwe upande wa juu wa zizi, kwa umbali usiopungua mita 30, na mdomo wake ujengewe ukuta, maji ya mvua yasiingie.

Samadi ni mali, haifai kutupwa. Lakini mavi mabichi yasitiwe katika bustani ya mboga ziliwazo mbichi. Yarundikwe pamoja na majani, yageuzwe mara kwa mara, mpaka yawe moto mkali ndani kisha yaive na kupoa. Moto huo ndio uuao vijidudu, nayo samadi iliyoiva hulisha udongo vizuri. Na mtoto akihara damu, apelekwe hospitali siku ile ile, bila kupewa dawa za kubahatisha.

6. JUU YA DAWA

Si kila kuhara ni bakteria. Mwaka 1917 mtaalamu R. E. Montgomery alieleza ugonjwa wa kuhara wa kondoo na mbuzi katika nchi iitwayo leo Kenya. Ugonjwa huo huletwa na kupe, na chanzo chake ni kirusi. Minyoo nayo huharisha. Dawa za antibiotiki hazina kazi juu ya kirusi wala juu ya minyoo. Atumiaye dawa hizo kwa kubahatisha hutupa fedha. Tena huua vijidudu dhaifu na kuacha vilivyo sugu, ambavyo kesho havitasikia dawa, wala kwa ndama wala kwa mtu. Uliza kwanza, na uzitumie kwa kipimo na kwa siku ulizoambiwa. Maziwa na nyama ya mnyama aliyetibiwa zisitumiwe mpaka siku zilizotajwa na mganga ziishe.

7. MAMBO YA KUSHIKA

(a) Dang'a katika saa za kwanza, sehemu moja katika kumi ya uzito wa ndama.
(b) Mahali pa kuzalia pawe pakavu, pametandikwa majani mapya.
(c) Ndama akihara, maji na chumvi kwanza; maziwa asinyimwe.
(d) Chakula cha kondoo kibadilishwe polepole, wala si kwa siku moja.
(e) Mnyama aliyekufa ghafula asipasuliwe.
(f) Maziwa yachemshwe, nyama iive, kisima kiwe juu ya zizi.
(g) Antibiotiki kwa shauri la mganga tu.

Kati ya hayo saba, mengi hayataki fedha. Yataka saa, mikono na ufagio. Mfugaji asiye na shilingi ya dawa aweza kuanza leo kwa kusafisha mahali ambapo ng'ombe wake atazaa.