Kusafiri kwa Ndege na Kifaa cha Kutembelea Chenye Betri

Kifaa cha kutembelea kinachovaliwa ni kiunzi kinachofungwa kiunoni na miguuni mwa mtu aliyepooza au kudhoofika miguu, chenye mota ndogo zinazoendeshwa kwa betri na kumwezesha kusimama na kupiga hatua. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia na ya kutumia usafiri wa umma. Hata hivyo, betri ya kifaa hicho ina masharti yake angani.

Kwa nini betri ina masharti

Betri ya lithiamu ikipasuka, au ikipata shoti, yaani ncha zake mbili zikiunganishwa na kitu cha chuma, huweza kuzalisha joto linalojiongeza lenyewe hadi moto ukawaka. Moto ukizuka ndani ya chumba cha abiria, wahudumu huuona na kuudhibiti mapema, jambo ambalo haliwezekani katika sehemu ya mizigo. Ndiyo sababu betri ya akiba haiwekwi kamwe ndani ya sanduku linalokabidhiwa.

Kipimo cha kukumbuka

Nishati ya betri hupimwa kwa wati-saa, zinazopatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 48 na ampea-saa 5 ina wati-saa 240. Kwa kanuni za kimataifa, betri inayotolewa kwenye kifaa cha kutembelea isizidi wati-saa 300, na akiba iwe moja isiyozidi 300, au mbili zisizozidi 160 kila moja. Ncha zifunikwe kwa utepe wa umeme, na betri iliyovimba au kuharibika isisafirishwe.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Kwa mfano, anayetoka Ndia Kuu, Mombasa, hupita mitaa myembamba ya Mji wa Kale, kisha huvuka Makupa hadi bara uliko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, hivyo aliyesahau karatasi za betri huenda asiwahi kuzirudia. Shirika la ndege lijulishwe tangu siku ya kukata tiketi, idhini yake ichukuliwe kwa maandishi, na maelezo ya mtengenezaji yabebwe mkononi pamoja na betri.

Kila msafiri, na kila jamaa anayemsindikiza, asome lebo ya betri leo, kabla ya tarehe ya safari kufika.