SOMO LA ROBO HII: Pumzi Kwanza, Mwili Ufuate

Somo la toleo hili limetokana na swali la mama mmoja katika mafunzo ya vikundi huko Newala. Tulikuwa tumewaonyesha wanakikundi mazoezi yaitwayo yoga ya vinyasa, kwa ajili ya migongo inayoumia msimu wa kuokota korosho. Mama huyo alinyoosha mkono akasema: "Mratibu, hiyo si ibada ya Wahindu?" Nilimjibu haraka haraka kwamba ni mazoezi tu. Jibu lile halikuwa kamili, nami nalisahihisha hapa.

Vinyasa ni nini?

Vinyasa si wingi wa Kinyasa, wala neno hilo halina undugu na kunyanyasa! Ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, lenye maana ya kuweka kitu kwa utaratibu maalumu. Katika mtindo huu mtu hakai muda mrefu katika mkao mmoja. Hutoka mkao huu kwenda ule bila kukatiza, na kila tendo la mwili lina pumzi yake, ama ya kuvuta ama ya kutoa. Pumzi ndiyo inayoongoza.

Akina mama wa huku kwetu wanaijua kanuni hiyo. Mtazame anayetwanga: mchi ukipanda anavuta pumzi, ukishuka anaitoa, na wawili wakitwanga kinu kimoja michi haigongani. Vivyo hivyo waliozoea kupanda kutoka mabondeni na ndoo ya maji kichwani wanajua kwamba anayebana pumzi hafiki juu.

Imetoka wapi?

Mwalimu T. Krishnamacharya (1888–1989) alifundisha yoga huko Mysore, kusini mwa India, katika miaka ya 1930. Mwanafunzi wake K. Pattabhi Jois (1915–2009) aliendeleza mtindo uitwao ashtanga vinyasa, na wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani wakaupeleka kwao. Mfano wa karibu nasi ni Africa Yoga Project ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson, ambayo imewafunza vijana wengi kuwa walimu.

Sasa niseme nililolificha siku ile. Walimu hao wawili wa India walikuwa Wahindu wenye imani yao, na mfululizo ambao kwa kawaida mwanafunzi huanza nao huitwa Salamu kwa Jua. Mama yule hakukosea kuuliza.

Masasi si wageni wa swali la namna hii. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Anglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alilichukua jando, akaondoa yale aliyoona hayapatani na Injili, akaweka sala na mafundisho ya Kikristo. Hata hivyo, mfano huo hautumalizii swali letu. Jando lilikuwa la wenyeji wenyewe. Yoga imetoka mbali, na hakuna aliyeiomba. Sisi tumechukua pumzi na mikao, tumeacha nyimbo na maombi yake. Kama hilo linatosha, kila mmoja apime mwenyewe.

Namna ya kufanya

Fanya asubuhi kabla ya kula, juu ya mkeka usioteleza. Akina mama wavae suruali ndani ya kitenge. Simama wima, funga kinywa, pumua kwa pua taratibu mara tano. Vuta pumzi ukipandisha mikono juu. Itoe ukiinama mbele, magoti yakunjwe (mwokota korosho ayakunje zaidi, maana hapa ndipo mgongo wake utakapolalamika). Vuta ukiinua kifua nusu, mgongo unyooke. Toa ukiweka viganja chini na kurudisha miguu nyuma mmoja mmoja, kisha ushuke ulale kifudifudi. Vuta ukiinua kifua kidogo, kama nyoka anayechungulia. Toa ukipandisha kiuno hadi mwili ufanane na paa la nyumba, mikono upande huu na miguu upande ule. Kaa hapo kwa pumzi tano. Tembeza miguu hadi karibu na mikono ukivuta pumzi, toa ukiinama, vuta ukisimama.

Huo ni mzunguko mmoja. Anayeanza afanye mitatu, kisha alale chali dakika tano. Ukijikuta unahema, umeitangulia pumzi yako, punguza mwendo.

Wajawazito, wenye shinikizo la damu au henia, na wenye maumivu yanayoshuka hadi mguuni, wapate kwanza ushauri wa kituo cha afya. Mazoezi haya hayachukui nafasi ya dawa.

Kwa viongozi wa vikundi: waelezeni watu chimbuko lake kabla ya kutandika mikeka. Ambaye dhamiri yake haimruhusu akae pembeni, apumue tu au asipumue nasi, na jina lake liandikwe kwenye fomu ya mahudhurio kama la wenzake.